Shingo Yangu, Alielezwa Mume Wangu

Nikianza kulisimulia hili watu huniambia, "Mama Mistari, si limeshapita, liachie." Sijaliachia. Na wote wanaosema limepita, wanasema huku wanainua mikono yao yote miwili.

Hilo jina la Mama Mistari nilipewa na wateja. Mimi ni msusi, na mistari yangu inakwenda imenyooka kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, hata kama kichwa chenyewe kina mabonde. Sisuki kwa macho. Macho yangu yako mlangoni yanaangalia nani anapita na nani. Vidole ndivyo vinavyoona: vinajua wapi nywele ni nzito, wapi ngozi ina kidonda, wapi mteja anaumia lakini anaona haya kusema. Nilifundishwa na mama mdogo, aliyenifunga kitambaa machoni nikiwa na miaka kumi na minne, akanipa kichwa cha binamu yangu, akasema, "Suka." Nilisuka upogo mwezi mzima, yeye anafumua na kunigonga vidole kwa kitana. Mwezi wa pili akanifungua macho. Tangu siku hiyo mpaka bega liliponiharibikia ilikuwa miaka ishirini na sita, siku sita kwa wiki, mikono juu.

Mikono juu ndiyo kazi yenyewe. Watu wanadhani kusuka ni vidole tu. Chukua sufuria, iweke kwenye rafu ya juu kabisa, uisugue pale pale saa saba mfululizo, halafu uje tuongee. Bega la kulia lilianza kuuma nikivaa nguo. Baadaye likawa linauma nikilala, baadaye nikipunga mkono kumwita mtu ng'ambo ya barabara. Zahanati ya kwanza walisema ni uchovu. Ya pili waliniuliza umri, nikawatajia, wakatazamana, wakaandika kitu. Nilikwenda na kurudi miaka miwili mpaka daktari wa mifupa wa hospitali kubwa aliponipiga picha, akaniambia kano la bega limechanika na linataka kushonwa. Kano, alinieleza, ni kama mkanda mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa. Nilimwelewa mara moja. Nywele zikikatika kwenye shina hata umwage chupa nzima ya mafuta hazirudi.

Nilimuuliza kitu kimoja tu: nitasuka tena? Akasema kano likishonwa, likaachwa litulie wiki sita bila kuvutwa, nitasuka. Likivutwa kabla halijashika, yeye hana ahadi ya kunipa. Hilo alinieleza mimi mwenyewe, uso kwa uso, na mpaka leo namshukuru. Shida ilianza siku ya upasuaji.

Sasa mume wangu. Anaendesha boza la maji, na mtaani wanamwita Boza, kwa ajili ya gari na kwa ajili ya tumbo. Si mtu mbaya. Nalisema mapema ili mtu asije akanikatisha katikati kuniambia si mtu mbaya. Hajawahi kunipandishia sauti, na mimi ya kwangu nimempandishia mara nyingi tu. Ila ana tabia moja, nayo si yake peke yake, iko katika nyumba nyingi: anaamini habari ni mzigo, na mgonjwa habebeshwi mzigo. Mama yake alipougua, alimficha jina la ugonjwa miezi minane. Bibi wa watu alikufa akijua ana vidonda vya tumbo. Msibani watu walimsifu mume wangu kwa kumlinda mama yake, na mimi nilimsifu pia, kwa sababu mgonjwa hakuwa mimi.

Upasuaji ulikuwa mchana. Nesi alinipa lile gauni linalofungwa kwa nyuma, nikaingia nyuma ya pazia kubadilisha. Nikiwa huko nikasikia kijana anajitambulisha kwa mume wangu kwamba yeye ndiye mtu wa usingizi, yaani ndiye atakayenichoma ganzi na kunilaza. Pazia ni pazia, si ukuta, kwa hiyo nilisikia vipande. Nilisikia shingo. Nilisikia mpaka kesho. Nilisikia vidonge. Na baada ya kila kipande nilimsikia mume wangu, "Sawa, daktari. Sawa, daktari. Haina shida." Kamba za gauni zilikuwa tatu, na mimi nafunga kwa mkono mmoja, huo wa kushoto usiojua kazi. Nilipotoka kijana alikuwa ameshakwenda zake. Karatasi ya kukubali upasuaji ilikuwa juu ya kitanda, na saini ya mume wangu ilikuwa chini yake, kubwa, yenye mkia.

"Alikuwa anasema nini?" nikamuuliza.

"Mambo ya kawaida tu."

"Nimesikia shingo."

"Kasindano kadogo. Usiwaze, mke wangu. Hawa wanajua kazi yao."

Na mimi sikuwaza, kwa kuwa niliambiwa nisiwaze.

Kule ndani yule mtu wa usingizi alikuwa mpole, ana vidole virefu, angefaa sana kuwa msusi. Alinipaka dawa ya baridi shingoni upande wa kulia, akaleta kile kidude cha mashine wanachowapitishia wajawazito tumboni, akakibandika shingoni kwangu. Nikamwambia, "Mwanangu, mimba haikai huko." Akacheka, manesi nao wakacheka. Akaniambia anatafuta mishipa ya fahamu inayoshuka kwenda begani, amwage ganzi pembeni yake, ili nikiamka nisisikie maumivu ya kushonwa. Halafu akaniuliza, na nanukuu neno kwa neno: "Mzee ameshakueleza yatakayofuata, mama?"

Nikasema, "Ameshanieleza."

Hapo pana kosa langu, silikatai. Ningeweza kusema hajanieleza kitu. Lakini manesi wawili walikuwa wamesimama pale, na mimi sikutaka nionekane mwanamke ambaye mumewe hamwambii kitu. Ilikuwa aibu ya sekunde moja, nikaifunika kwa uongo wa neno moja. Kijana akaamini, akachoma. Mkono ukapata joto, ukawa mzito, baadaye ukawa haupo kabisa. Kisha nikalala.

Nilizinduka jioni sina maumivu hata chembe. Nesi akaja na karatasi yake, akaniuliza, kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi. Nikamwambia sifuri. Akanipa hongera, nami nikaipokea kana kwamba nimefanya kitu. Nikalala mpaka kulipokucha.

Asubuhi nikaruhusiwa. Nesi aliyekuwa anamaliza zamu alikuwa ameshabadilisha viatu, mkoba uko begani. Alimpa mume wangu bahasha ya vidonge na karatasi ya maelekezo, akamweleza kwa haraka huku anatazama saa. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu, hatua mbili kutoka hapo, na kati yangu na maelezo yangu kulikuwa na mgongo wa mume wangu. Ni mgongo mpana ule. Bahasha ikaingia mfuko wa shati, karatasi ikafuata, tukaondoka. Garini nilijaribu kumuuliza lakini sauti ilikuwa imenikauka. Nikadhani ni ile mipira wanayopitisha kooni, nikanyamaza.

Tunaishi nyuma ya saluni, chumba cha mbele ndiyo kazini, cha nyuma ndiyo nyumbani. Mume wangu aliniketisha kwenye kiti changu cha katikati, akaniwekea mto chini ya mkono uliokuwa umefungwa kwenye mkanda ulioning'inia shingoni, akasema anapeleka maji mahali pamoja tu, anarudi sasa hivi. Akaondoka na shati, na mfuko, na vidonge. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Mbele ya kiti changu kuna kioo cha ukuta mzima. Ndipo nilipojiona.

Jicho la kulia lilikuwa limelala nusu. Nikaliamuru lifunguke, likakataa, kope imening'inia pale pale. Nikashusha macho kwenye vidole vilivyochomoza mwisho wa mkanda. Nikaviambia visogee. Hakikusogea hata kimoja. Nikavishika kwa mkono wa kushoto, na nilikuwa nimeshika vidole vya mtu mwingine. Nikachukua kitana cha mkia, kile cha kupasulia njia, nikachoma ncha yake kwenye kidole gumba. Nikachoma cha shahada. Nikachoma mpaka alama ikabaki. Kimya.

Mimi niliambiwa wanashona bega. Hakuna aliyeniambia lolote kuhusu vidole. Roho iliniruka, nikaita, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, haifiki hata mlangoni. Mimi, ambaye mdomo wangu mtaa mzima unajua hauna breki.

Aliyeingia alikuwa wifi yangu, dada yake mume wangu, anayeuza nywele za bandia kibanda cha pili kutoka kwetu. Wifi ni mtu wa huruma sana, na huruma yake ina kelele. Lakini siku hiyo alinitazama usoni akanyamaza. Akatazama jicho. Akaniambia niongee, nikaongea. Akaniambia nisogeze mkono, nikamwonyesha kwamba hausogei. Akaweka kikapu chini polepole.

"Wifi yangu," akasema, "hiki ni kiharusi. Kimekupiga huko huko kwenye kitanda chao."

Nilimwamini. Najua mtu akisikia leo anacheka, na waliocheka mbele yangu nawakumbuka kwa majina. Jicho limeanguka, sauti imekwenda, mkono umekufa, vyote upande mmoja. Baba yangu mzazi alikuwa hivyo hivyo siku ya kwanza kiharusi kilipompiga. Ningeamini nini kingine? Ningejuaje kwamba ganzi ile ya shingoni hukaa mpaka kesho yake, hushusha jicho na kukausha sauti njiani, kisha huondoka yenyewe na kurudisha kila kitu mahali pake? Alikuwepo mtu mmoja tu katika nyumba ile aliyekuwa akijua, na alikuwa anamwaga maji.

Wifi akampigia simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Boza likimwaga maji pampu yake inapiga kelele, hata ungempigia ngoma sikioni hasikii.

"Tusikae tu hivi," wifi akasema. "Kiharusi ukikiwahi kabla hakijakaa, mkono unarudi. Yule fundi viatu walimnyoosha siku ile ile, leo anapanda baiskeli."

Nikamwonyesha bandeji. "Wameshona," nikakwaruza.

"Wameshona bega. Mimi nanyoosha mkono."

Nilikumbuka maneno ya daktari wa mifupa, kwamba kano lisivutwe. Nayasema haya kwa sababu watu wanadhani nilisahau. Sikusahau. Nilikaa kwenye kiti kile nikapima: kano la nini, kama mkono wenyewe umekufa? Bega zima nilipeleke wapi, na vidole vya kusukia havipo? Nilipima kwa akili niliyokuwa nayo na kwa habari nilizokuwa nazo, na habari sikuwa nazo. Nikamwambia wifi, "Vuta."

Akafungua mkanda. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauvuta mbele, akaukanda kiganja, akaanza kuupandisha. Niliutazama kwenye kioo ukipanda. Ulipita usawa wa kifua, ukafika usawa wa bega, na mimi sikusikia uzito, sikusikia joto la mikono yake, sikusikia chochote. Aliupandisha mara ya pili. Mara ya tatu akaufikisha juu, pale ninapouwekaga nikianza mstari wa kwanza, na ndani ya bega kitu kikalia, tak, kama jino la kitana linapokatikia kwenye nywele ngumu. Nilikisikia kwa sikio. Mkononi sikusikia kitu.

"Umesikia?" wifi akasema, jasho linamtoka, uso umejaa matumaini. "Kinaachia."

Akaendelea. Mungu anisamehe, nilimshukuru.

Kufika saa sita habari ilikuwa imeshatoka nje. Wateja wangu wawili walikuwa wamesimama mlangoni wameshika mikoba yao kwa mikono miwili, kama watu waliokuja kutoa pole. Mmoja wao, mwalimu niliyemsuka tangu akiwa mwanafunzi, alimnong'oneza wifi amtajie msusi mwingine mzuri, maana Jumamosi ana harusi. Alinong'ona, ndiyo. Masikio yangu hayakuwa yamechomwa sindano.

Ndipo mume wangu akaingia. Suruali imelowa magotini, kofia iko nyuma ya kichwa, anapiga mluzi. Mluzi ukakatika.

"Mnafanya nini?"

"Kaka, jikaze," wifi akasema. "Mkeo amepata kiharusi."

Akanitazama jicho, akatazama mkono, na unajua alifanya nini? Akacheka. Alicheka kwa unafuu, mtu aliyeogopa jambo kubwa akakuta dogo.

"Aa, hiyo ni ganzi tu," akasema. "Daktari alisema. Jicho litashuka, sauti itakauka, mkono utakufa mpaka leo mchana, halafu vyote vinarudi vyenyewe. Alisema hata usifunguliwe mkanda, maana mtu anaweza kuuvuta ukaumia na usisikie." Hapo akaona mkanda uko sakafuni.

Wifi aliuachia mkono wangu. Aliuweka juu ya mto taratibu, kidole kimoja kimoja, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Alikuambia lini?" nikauliza.

"Jana. Ulipokuwa unabadilisha nguo."

"Ukanyamaza."

"Sikutaka uogope."

Nilimtolea macho, au jicho moja na nusu. Ningekuwa na sauti yangu ningeibomoa saluni. Naye, kwa kuwa alikuwa anatafuta la kufanya, akapapasa mfuko wa shati, akatoa bahasha. "Na hivi alisema umeze saa nne," akasema, "kabla hujaanza kuumwa, maana ganzi ikiisha ghafla..." Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro. Sentensi yake hakuimaliza, ikamaliziwa na bega.

Kidole gumba ndicho kilichoanza. Kilicheza. Nilikiona kwenye kioo kikicheza, kikafuata cha shahada, na nikajua mkono wangu uko hai. Nilitaka kulia kwa furaha, na kabla furaha haijafika machoni maumivu yakaipita njiani. Nimezaa mara mbili, tena mtoto wa kwanza alikaa vibaya. Uchungu wa kuzaa unakupa dakika ya kupumua. Huu haukunipa. Yule nesi wa sifuri mpaka kumi angekuja saa ile ningemwambia alete karatasi ndefu zaidi. Nilikuwa nauma kona ya mto, na kila nilipovuta pumzi bega lilinichana upya, na akilini nasikia ile tak, ile tak, na sasa najua ilikuwa nini.

Vidonge vyangu nilivimeza vimechelewa karibu saa tatu. Vyake nilimpa pale pale. Nilimwambia kwa ile sauti ya kukwaruza kwamba shingo ilikuwa yangu, mkono ulikuwa wangu, na hata woga ulikuwa wangu, ni nani aliyemtuma aniogopee? Sauti iliponiishia nikachukua chupa ya mafuta ya nywele kwa mkono wa kushoto nikamrushia, ikampata kifuani kwenye mfuko ule ule. Wifi akasema, "Wifi, taratibu." Nikarusha ya pili. Wateja walikuwa wameshaondoka.

Mume wangu alinirudisha hospitali jioni ile ile. Wakanifunga upya, wakanipa dawa yenye nguvu, wakasema kano haliwezi kushonwa tena juu ya mshono mbichi, tusubiri tuone. Yule kijana wa usingizi aliitwa, akaja, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Mume wangu alikuwa amesimama miguuni, kofia mkononi.

Kijana alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mama, nilimweleza mzee kila kitu. Na wewe nilikuuliza."

Ni kweli aliniuliza. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nikitafuta wa kumgombeza nazunguka, nazunguka, na kila mara mmoja wa ninaowakuta ni mimi. Lakini sikumwachia.

"Aliyekuwa anachomwa ni nani?" nikamuuliza.

"Ni wewe, mama."

"Nilikuwa nafunga kamba tatu. Ulishindwa kusubiri kamba tatu?"

Alitazama mikono yake. "Nilikosea," akasema. Katika watu wote, ni yeye peke yake aliyelisema neno hilo bila kuliongezea lakini.

Mume wangu yeye aliliongezea. Wiki zote sita alipika, alifua, alinivalisha, alinichana nywele vibaya sana, na kila tukilizungumza alisema, "Nilikosea, lakini nia yangu ilikuwa njema." Nia yake njema nimeibeba begani. Nilikuwa nikimtazama anakoroga sufuria, tumbo linagusa jiko, namhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Wifi alikuwa analeta matunda, anayaweka mlangoni, anaondoka bila kubisha hodi. Siku moja nilimwita arudi, nikamwambia yeye sina neno naye, maana alivuta nilipomwambia vuta. Alilia sana, na kwa mara ya kwanza alilia bila kelele.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji nikaitwa kwa daktari wa mifupa kusomewa picha. Mume wangu alivaa shati la kutokea. Tukaingia wote, na kabla sijakaa yeye alikuwa ameshakalia kiti kilichoelekea meza. Daktari akainua picha kwenye mwanga, akageuka upande wake.

"Mzee, ni hivi. Mkeo..."

"Daktari," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imesharudi yote. "Faili hilo lina jina la nani?"

Akatazama faili kana kwamba hajui. "Lako, mama."

Nikamgeukia mume wangu. "Baba watoto, nisubiri nje."

Alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema jambo kuhusu nia. Kisha akasimama, akapita nyuma ya kiti changu, akafunga mlango taratibu, na mimi nikahamia kiti chake, kilikuwa bado cha moto.

Daktari aligeuza kiti mpaka magoti yake yakatazamana na yangu. Akaniambia walishona mahali patatu. Pawili pamekamata, pamoja paliachia mapema. Nikamuuliza kama ni kuvutwa kule. Akasema inawezekana kabisa, lakini hatanidanganya, hawezi kuapa. Nikamuuliza lile swali langu moja. Akasema vidole ni vizima, nguvu itarudi, lakini kiwiko hakitapanda kupita usawa wa bega. Hakitapanda mwakani wala mwaka utakaofuata. Nitasuka nikiwa nimekaa juu na mteja amekaa chini, kwa muda mfupi, vichwa viwili kwa siku badala ya vitano. Ile ya kusimama saa saba mikono juu, imekwisha.

Nililia pale mbele yake. Hakuninyamazisha, alisogeza tu boksi la karatasi laini. Nililia kwa ajili ya mstari wa kwanza, ule wa katikati ya paji la uso, unaoanzia juu kabisa, ambao mama mdogo alinifumulia mwezi mzima. Ilikuwa habari mbaya kuliko zote nilizowahi kuletewa, na nilikuwa wa kwanza kuipata. Nilimwambia arudie, akarudia, neno kwa neno, ananitazama mimi. Nikajifuta uso, nikachukua karatasi yangu.

Mume wangu alikuwa kwenye benchi la korido, anazungusha kofia vidoleni. Aliponiona akasimama haraka mpaka kofia ikaanguka, hakuiokota.

"Kasemaje?"

Nilikunja karatasi mara mbili, nikaiweka ndani ya mkoba, nikafunga zipu kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeshazoea.

"Mambo ya kawaida tu."

"Umelia wewe. Niambie, mke wangu. Mkono utapanda?"

"Sitaki uogope," nikamwambia, nikatangulia kushuka ngazi.